Picha Walizompa Marehemu

Kwenye kiwanda cha udobi walimwita Mvuke. Alisimama upande wa kutokea wa mashine kubwa ya kunyooshea mashuka, pale ambapo shuka linatoka kavu na bado lina moto wa kuunguza kiganja. Kazi yake ilikuwa kulidaka kwa pembe, kulikunja na kulitupia kwenye rundo kabla linalofuata halijamfikia. Mashuka yalikuwa ya hospitali kuu na ya hoteli mbili tatu. Ya hoteli yalikuwa mepesi na yalinukia marashi; ya hospitali yalikuwa mazito, yenye madoa yasiyotoka hata uyachemshe vipi, na Mvuke alidai anaweza kuyatofautisha akiwa amefumba macho.

"Na mume unamjua hivyohivyo?" alimtania siku moja mwenzake aliyekuwa akilisha mashine upande wa pili.

"Wa kwangu alikuwa na harufu ya kuondoka," alijibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Ndani ya mkoba wake, kati ya kopo la chakula na kitambaa cha kichwa, alibeba kamera. Haikuwa kamera ambayo vijana wangeitambua. Ikiwa imefungwa ilifanana na kitabu kinene chenye jalada jeusi. Ukibonyeza kitufe kidogo juu yake, mlango wa mbele ulianguka na lenzi ikajitokeza yenyewe juu ya vyuma vyembamba, ikivuta nyuma yake mfuko wa ngozi wenye mikunjo kama wa kodiani. Ilitumia filamu pana, iliyoviringishwa pamoja na karatasi yenye namba mgongoni, na namba hizo ulizisoma kupitia kidirisha chekundu kilicho nyuma. Picha kumi na mbili za mraba, basi. Haikuwa na betri wala kipimo cha mwanga. Ulikadiria jua kwa macho, ukakadiria umbali kwa macho, ukabana pumzi, ukafyatua. Halafu ilibidi ukumbuke kuviringisha filamu mbele kwa mkono, maana kamera yenyewe haikuwa na habari na wewe. Ukisahau, picha ya pili iliangukia juu ya ile ya kwanza.

Ilikuwa ya baba yake, kwa maana kwamba yeye ndiye aliyeileta nyumbani. Wakati huo alikuwa karani wa stoo, na bosi mmoja aliyekuwa anahama alimpa kamera hiyo pamoja na feni mbovu. Mzee alijaribu kuifungua palepale sebuleni, mlango ukafyatuka ukambana kidole, akaitupa juu ya kabati akiuliza huyu naye ni mdudu gani. Binti yake alipoiomba, akiwa bado na sare za shule, alijibu bila kumtazama: "Chukua, ilimradi usinisumbue."

Tangu siku hiyo haikumtoka mkononi. Hakupiga harusi wala watu waliojipanga wakanyoosha mashati. Alipiga vitu vya njiani kati ya nyumba na kazi: fundi viatu amelala mdomo wazi katikati ya viatu vya watu, mwuza dawa akizoa maji ya mvua kwa beseni, wenzake wakila wamekaa juu ya marobota ya mashuka kama malkia, mama yake amesimama kwenye kiti akibadilisha taa. Kwa kuwa kamera ilikuwa ya kizamani na ilichukua muda kuiweka tayari, watu walimwona, wakacheka, wakamsahau, na hapo ndipo alipofyatua.

Filamu alizinunua kwa mzee mmoja wa studio aliyekuwa anafunga duka, zimepitwa na wakati lakini bado zinaona. Dawa ya kuzisafishia alipewa na fundi wa eksirei wa hospitali, aliyekuwa akimwekea ile inayobaki kwenye chupa za plastiki. Alizisafisha bafuni, dirisha limezibwa kwa blanketi, akazianika kwa vibanio kwenye kamba ya nguo. Kuzichapisha kwenye karatasi ndiko kulikomshinda. Duka la mwisho lililokuwa na mashine ya filamu pana lilikuwa limegeuka duka la simu. Kwa hiyo picha zake alizijua kinyume tu, kwenye negativu, nyuso nyeusi na vivuli vyeupe. Alikuwa akiinua kila kipande dirishani na kukisoma polepole, kisha akakiweka kwenye bahasha, na bahasha kwenye kopo la biskuti.

Nyumbani walimzoea na kamera yake kama watu wanavyomzoea mtu mwenye kikohozi. Hakuna aliyeuliza inatoa nini. Mdogo wake, kitinda mimba, aliondoka mapema kwenda kutafuta maisha mji mwingine, na alichokumbuka ni kwamba dada alipenda kuchezea kamera ya mzee.

Picha moja kati ya hizo ilikuwa na habari yake. Mvuke alikuwa bado na mume, na alikuwa mjamzito. Alikwenda hospitali kwa kipimo cha kawaida. Alipokuwa akisubiri kuitwa, aliona benchi refu la korido halina mtu hata mmoja, mwanga wa dirisha umelala juu yake kama nguo iliyotandikwa. Akaipiga. Kisha wakamwita, akaingia, na daktari akamzungushia kile kifaa tumboni, akarudia, akamwita daktari mwingine. Moyo wa mtoto ulikuwa umesimama.

Alipotoka hakwenda kwa mumewe. Alikwenda kwa mama yake, akamkuta dirishani anashona kifungo cha shati. Alimweleza kwa maneno machache. Mama hakulia wala hakusema pole. Aliendelea kushona kifungo kilekile, sindano inapanda inashuka, muda mrefu baada ya kifungo kushika. Mvuke akatoa kamera kwa sababu mikono yake haikujua la kufanya, akafyatua. Hakuwa ameviringisha filamu. Alipokuja kuisafisha, alimkuta mama yake ameketi juu ya benchi la hospitali, unamwona na unaona mbao kupitia mwili wake, sindano iko juu, na mwanga ni mmoja.

Hakushika mimba tena. Mume aliondoka kwa mafungu: kwanza mashati, kisha redio, mwishowe yeye mwenyewe. Mvuke akarudi kuishi kwa wazazi.

Baba yake hakuwa mtu wa kujivunia. Mabati yalikuwa yamepotea stoo, akafukuzwa kazi. Watu walisema ameiba, na kweli alikuwa ameiba. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Bati. Alikaa sebuleni miaka na miaka akisikiliza redio na kulalamika kuhusu chumvi. Mama akipita sokoni aliitwa Mama Bati, na akaitika, angefanyaje. Mzee alipougua, Mvuke ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani, na akitoka zamu alikaa naye hadi alale. Chumba chake ndicho kilichokuwa na ubaridi kuliko vyote, kwa hiyo kopo la biskuti lilikaa huko kwenye rafu, na katika miezi ile ya mwisho kamera nayo ikakaa huko.

Mzee akafa. Kitinda mimba akaja msibani, akalala kwenye chumba cha baba. Katika mji alikokuwa alifungua duka la kuchapisha kadi za harusi na picha za pasipoti, na sasa alitaka kurudi nyumbani kuanza upya. Wiki ya pili baada ya maziko, Mvuke alitoka zamu akakuta rafu tupu. Akampigia simu.

"Mdogo wangu, lile kopo umelipeleka wapi?"

"Usijali, dada. Liko salama, na kamera pia. Nafanya jambo. Utashangaa mwenyewe."

Alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba alifurahi. Kesho yake alimwambia mwenzake wa mashine, "Mdogo wangu ana mtambo wa kuchapisha. Nadhani ananitolea picha zangu." Mwenzake akasema naye alitaka moja kubwa, ila asitokee anatafuna.

Siku ilipofika, kitinda mimba aliwachukua dada na mama kwa teksi, wamevaa vizuri. Mama alikuwa na gauni jipya la kahawia. Walishuka mbele ya ukumbi wa sanaa, jengo jeupe lenye ngazi pana, na ndani watu wamesimama na glasi mkononi wakiongea kwa sauti ya chini kama wako kwa mgonjwa.

Mvuke aliziona. Zilikuwa ukutani, kila moja kubwa kama dirisha, na kwa mara ya kwanza nyeupe ilikuwa nyeupe na nyeusi ilikuwa nyeusi. Fundi viatu alikuwa na jino la dhahabu, hakuwahi kulijua. Wenzake juu ya marobota walikuwa wakicheka na macho, si na midomo peke yake kama alivyokuwa akidhani. Alitembea kutoka picha hadi picha, kiganja kifuani, akawa kama mtu anayewaona watoto wake wakishuka kwenye gari baada ya safari ndefu. Dakika hizo chache zilikuwa zake.

Kisha alifika mwisho wa ukuta, penye bango. Kwenye bango alikuwepo baba yake amevaa tai, picha ya kitambulisho cha kazi iliyokuzwa. Chini ya uso wake paliandikwa: MACHO YA KARANI. PICHA ZA MAISHA YA KILA SIKU ZA MAREHEMU MZEE WETU. Na chini ya bango, ndani ya sanduku la kioo, ilikuwepo kamera, imefunguliwa mdomo.

Alimshika mdogo wake kiwiko, akamvuta pembeni.

"Nani amekwambia ni za baba?"

"Kwani ni za nani?" aliuliza yule, na uso wake haukuwa na hila hata kidogo. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka kulia mbele ya watu wa gazeti.

"Zangu."

Alicheka, kisha akaacha. "Dada. Kamera ya mzee, kopo chumbani kwa mzee."

"Kopo langu. Kamera yangu tangu shule. Baba hakupiga hata picha moja. Ilimbana kidole, basi."

Kijana alitazama bango, akawatazama wageni, akatazama viatu vyake. Mvuke aliona kabisa ukweli ukimwingia, na aliona alivyoupokea kama mtu aliyekabidhiwa mzigo katikati ya barabara.

"Nimeshasema," alinong'ona. "Redioni nimesema, gazetini nimesema. Subiri kidogo, tutaongea nyumbani. Nakuomba, dada, usinivue nguo hapa."

Pengine angesubiri. Lakini msimamizi wa ukumbi, mwanamume mpole mwenye miwani aliyoisukuma juu ya kipara, alikuwa amewakusanya wageni mbele ya picha ya benchi. Alikuwa akieleza jinsi mzee, kwa makusudi na kwa ufundi wa hali ya juu, alivyomweka mke wake juu ya benchi tupu, na kwamba hiyo ilikuwa njia yake ya kusema kuhusu subira ya ndoa, na kwamba hajawahi kuona upendo wa kimya namna ile.

"Nilisahau kuviringisha filamu," alisema Mvuke.

Watu waligeuka.

"Picha hiyo nimepiga mimi. Hakuna makusudi yoyote hapo. Benchi ni la hospitali. Ni siku mimba yangu ilipoharibika. Nilipiga benchi, wakaniita, nikatoka nikaenda kwa mama, nikampiga yeye, na sikuviringisha. Mnaongea nini kuhusu ndoa?"

Mtu mmoja aliweka glasi yake juu ya meza. Kitinda mimba alikuja mbio, akamwekea mkono begani. "Tuwieni radhi. Dada yangu ndiye aliyemuuguza mzee. Msiba bado haujamtoka." Wakaguna kwa huruma, na huruma ile ilimwunguza Mvuke kuliko shuka lolote. Akautoa mkono begani.

"Muulizeni mama. Yeye ndiye yumo kwenye picha."

Msimamizi alimgeukia mama taratibu, kwa heshima. "Mama, samahani. Unakumbuka ni nani aliyekupiga picha hii?"

Mama alikuwa ameketishwa mbele kwenye kiti chenye mto. Aliitazama picha. Macho yake yalipita kwenye sindano, yakapita kwenye benchi, yakakaa hapo. Mvuke alijua kwamba mama anakumbuka, kwa sababu kidole gumba chake na cha shahada vilikuwa vimeshikana, kama vinavyoshika sindano. Kisha mama akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Mume wangu," alisema.

Wakapiga makofi.

Asubuhi iliyofuata Mvuke alimkuta mama jikoni akichemsha chai, gauni la kahawia limeshaanikwa. Chai ilichemka ikamwagika kwenye jiko, na mama akaipangusa kwa kitambaa, akaendelea kupangusa hata mahali pakavu.

"Mama, ulikuwa unashona kifungo cha shati gani siku ile?"

"La bluu. La baba yako."

"Kwa hiyo unakumbuka."

"Nitasahauje? Unadhani mimi sikumlilia yule mtoto? Nilimlilia nikiwa peke yangu."

"Basi kwa nini, mama?"

Mama alivuta kigoda akaketi. Alionekana mdogo kuliko alivyoonekana ukumbini.

"Mwanangu, mimi nimekuwa Mama Bati tangu mdogo wako hajaota meno. Nikienda sokoni, Mama Bati. Nikienda kliniki, Mama Bati, hata nesi. Jana wamenivutia kiti. Leo asubuhi yule jirani wa ng'ambo, yule ambaye hajawahi kunisalimia, amekuja kugonga mlango na gazeti. Ameniita mama. Mama tu, bila bati." Alikunja kile kitambaa. "Wewe una kazi. Una mikono. Utapiga nyingine. Yeye amekwisha, hana kingine cha kuachia jina, na jina lake ndilo ninalovaa mimi."

"Na mimi navaa nini?"

"Wewe bado unaishi," alisema mama, akaona kwamba hilo limetosha. Akamimina chai vikombe viwili. Cha Mvuke kilipoa mezani.

Alihama mwezi huohuo. Alipata chumba kimoja nyuma ya kiwanda, chenye dirisha linalotazama ukuta. Kazini habari ilikuwa imefika, na kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema huyo mdogo mtu ashitakiwe. Wengine walisema ya nini kugombana na maiti. Mwenzake wa mashine, ambaye alikuwa ukutani kule akitafuna, alisema waziwazi, "Mimi niko tayari kusimama popote niseme ni wewe ulinipiga, shoga. Lakini nani atanisikiliza mimi na aproni hii?" Na kweli alikwenda ukumbini, siku ya mapumziko, bila kumwambia Mvuke. Aliporudi alisema tu kwamba walimpa soda, wakamwomba asaini kitabu cha wageni kwa kuwa yumo kwenye picha maarufu.

Kitinda mimba hakuonekana hadi mvua zilipokwisha. Alikuja mchana, amenenepa, ana shati la kola ngumu, na kamera ameibeba ndani ya taulo. Aliketi kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

"Mama anakusalimu."

"Salamu zimefika."

"Dada, nimekuja kwa heri." Akaiweka taulo mapajani mwake. "Picha zimependwa. Wanataka kuzipeleka kwingine, na wanataka kutoa kitabu. Lakini zilizomo kwenye kopo hazitoshi. Wameniuliza kama zipo nyingine. Nikasema zipo."

"Ziko wapi?"

Alikuwa akikunja ncha ya taulo.

"Nilifikiri utazipiga," alisema. "Mambo yaleyale. Njia, mabeseni, kina mama. Kuta za zamani bado zipo, hakuna atakayejua. Jina litakuwa la mzee, lakini mimi na wewe tunajua. Na ukiangalia vizuri, si ndiyo njia ya watu kuona kazi yako? Bila jina la mzee nani angeenda kuitazama?"

Mvuke aliichukua kamera. Akabonyeza kitufe. Mlango ulianguka nusu ukakwama. Akauvuta kwa ukucha, na lenzi ikatoka imeinama upande, kama shingo iliyoteguka. Chuma kimoja kilikuwa kimepinda. Mfuko wa ngozi ulikuwa umechanika kwenye mikunjo ya chini, na alipouinua dirishani mwanga uliingia kwa vitobo vingi.

"Nani ameifunga hii?"

"Baadaye walitaka iwekwe kwenye kioo ikiwa imefungwa, vumbi lisiingie. Ikakataa. Nikaisukuma."

"Unabonyeza hivi vyuma viwili kwanza, hapa na hapa. Ndipo inakubali."

"Ningejuaje?"

"Ungeniuliza."

Mdogo wake alishusha kichwa. Kwa muda alikuwa tena yule mtoto ambaye dada yake alikuwa akimbeba mgongoni kumpeleka shule.

"Shuleni waliniita Kibati," alisema. "Ulijua? Mpaka nikaacha. Nilipofungua lile kopo nikaona zile picha, dada, nilikaa sakafuni nikalia. Nikasema kumbe. Kumbe muda wote ule alipokuwa amekaa pale na redio yake, kumbe alikuwa mtu. Wewe ulipokuja kuniambia si yeye, ilikuwa kama umemuua mara ya pili. Sina baba mwingine mimi."

Mvuke alimhurumia. Alikuwa akimpenda na hakuwa na la kufanya na upendo huo.

"Nirudishie negativu zangu," alisema.

"Ziko ukumbini. Nilisaini kwamba ni urithi wa marehemu. Zimefungiwa."

"Basi ondoka."

"Dada—"

"Ondoka nikiwa bado nakuita mdogo wangu. Kamera iache."

Aliondoka na taulo.

Chuma Mvuke alikinyoosha mwenyewe kwa koleo, kidogo kidogo. Ngozi aliipeleka kwa fundi viatu, yuleyule mwenye jino la dhahabu, akamwekea viraka vya ngozi nyembamba ya bitana kwa gundi. Haikuziba sawasawa, kila picha ilitoka na ukungu mdogo pembeni. Hakujali. Alirudi kupiga, kwa hasira mwanzoni, akimaliza filamu moja kwa siku, kisha kwa utulivu. Alipiga dirisha lake na ukuta wake. Alipiga mikono ya wenzake ikipaka mafuta baada ya zamu. Akawapiga wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani wakisubiri kuchukuliwa langoni, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Mama yake hakumpiga.

Alipokuwa na za kutosha, alizipanga kwenye bahasha, akavaa vizuri, akaenda ukumbini asubuhi wakati hakuna watu. Hakuwa amekwenda kugombana. Alitaka mtu mmoja tu anayejua kutazama azitazame.

Msimamizi alimpokea kwa upole. Alimkumbuka, ikaonekana, na hakutaka kumwaibisha. Alizitandaza negativu juu ya meza yenye taa kwa chini, akashusha miwani, akainama. Alichukua muda, akarudia nyingine mara mbili. Mvuke alisimama ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, kamera ikichungulia ndani yake.

"Una mkono mzuri," alisema hatimaye. "Nasema kweli, si kwa kukufurahisha. Subira unayo, na hujipendekezi." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Lakini nikuambie kama ambavyo ningemwambia mwanangu. Unamwiga mno baba yako. Unasimama pale ambapo yeye angesimama. Hata hawa watu wa langoni, ni yeye kabisa. Na kamera yake hii ya zamani nayo inakufunga. Iweke chini, pumzika, halafu tafuta yaliyo ya kwako. Utayapata."

Alisubiri kuona kama ameumia. Mvuke alitaka kucheka.

"Asante," alisema baadaye. Akazikusanya, kipande kimoja kimoja, bila haraka, akihakikisha hakuna kinachoguswa na kidole, akazirudisha kwenye bahasha.

Kwenye ngazi alikutana nao. Kitinda mimba alikuwa amemshika mama mkono, na mama alivaa viatu vipya vilivyombana, kwa maana alipanda kwa kukanyagia ubavu wa mguu. Alikuwa amealikwa kuzungumza na wanafunzi, aeleze ilikuwaje kuishi na msanii. Kitinda mimba alitazama pembeni. Mama alisimama.

"Umekuja?"

"Nilikuwa na shughuli yangu."

Mama aliitazama bahasha. Alijua ni nini. Kwa miaka mingi alikuwa amezitoa zile kwenye kamba ya nguo ili aanike mashati.

"Umekonda," alisema. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Mama alifungua mdomo kama mwenye neno jingine. Mvuke alisubiri. Alisubiri kwa moyo wote, na baadaye alijichukia kwa kusubiri kule.

"Mama, watu wamekaa tayari," alisema kitinda mimba.

"Haya," alisema mama. Akaokota pindo la gauni lake, akapanda.